Duka la Muhindi Kolwezi: kikwembe, sambusa na daftari la madeni

KISENGE, Lualaba – Mama wa Kisenge akisema anakwenda Kolwezi, habari inazunguka mtaa kabla hajafunga mzigo. Jirani mmoja analeta feza ya dawa ya mtoto. Mwingine anaomba betri za redio. Wa tatu anaagiza kikwembe cha harusi ya mdogo wake, na anaeleza rangi mara tatu ili isikosewe. Hakuna anayeandika risiti. Njia ni ndefu: Kasaji, Mutshatsha, kisha Kolwezi. Akifika analala kwa rafiki, na mara nyingi rafiki huyo ni mtu aliyekimbia kwao zamani akapata chumba mjini. Asubuhi wanatoka wawili, mifuko mitupu mkononi. Ukiwauliza wanakwenda wapi, jibu ni moja: kwa Muhindi.

Siku kama hiyo ni ya kawaida. Watu wananunua, wanakula kitu cha moto njiani, wanarudi wakihesabu chenji. Lakini kila mlango wanaoingia una historia yake, na historia hiyo ni ya watu waliotoka mbali, wakakaa, wakafukuzwa, na baadhi yao wakarudi. Familia zilizohama ambazo leo zinaishi Lualaba zitaitambua upesi, maana nazo zinajua ni nini kuacha mlango nyuma na kuondoka na kile tu kinachobebeka.

KITAMBAA KILITANGULIA MWENYE DUKA

Mlango wa kwanza kwa kawaida ni wa vitambaa. Vikwembe vimepangwa hadi juu. Msichana wa Kolwezi ndiye anayevishusha na kuvikunjua. Mwenye duka amekaa karibu na mlango, penye feza. Mama wa Kisenge anashika pindo la nguo, anakuna kwa ukucha aone kama rangi inatoka.

"Patron, punguza kidogo."

"Mama, hiyo ni bei ya mwisho."

Yanafuata maneno mengine kumi, na bei ya mwisho inashuka tena. Wakikubaliana, mnunuzi bado hajaondoka. Anadai matabishi yake, kitu kidogo cha kuongezea juu ya bei: sindano, uzi, pipi ya mtoto.

Katika mapatano hayo mafupi, pande mbili za Afrika zimekutana. Matabishi ni neno lililotoka kwa Wareno, likaingia Kongo kutokea pwani ya magharibi, upande wa Angola. Duka limetoka upande mwingine, Bahari ya Hindi. Watu wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, husema dukan. Maneno pesa na gunia nayo yana asili ya huko. Kiswahili kilipoingia Katanga pamoja na misafara ya biashara, na baadaye kilipofanywa lugha ya kazi katika migodi, maneno hayo yalikuwa tayari ndani ya mzigo.

Kitambaa kilifika zamani kuliko Muhindi mwenyewe. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka Unyamwezi karibu na Tabora ya leo, alijenga ufalme wake Bunkeya. Shaba na pembe za ndovu zilitoka kwake kwenda pande mbili: mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela. Katika malipo kulikuwa na bunduki, shanga na nguo. Nguo za mashariki zilikuwa na majina ambayo wazee wa pwani wanayakumbuka bado: merikani, nguo nyeupe ngumu iliyofumwa Marekani, na kaniki, nguo nyeusi ya buluu iliyotoka India.

Misafara ile haikuwa na benki. Ilikuwa na wakopeshaji wa Unguja, na wengi wao walikuwa Wahindi. Mmoja alijulikana kuliko wengine: Taria Topan, aliyetoka Kutch, sehemu ya Gujarat. Tippu Tip alipokwenda kufanya biashara Manyema, mali aliyobeba ilikuwa ya mkopo, na Taria Topan alikuwa mmoja wa waliomwamini kwa mali hiyo. Mwenye msafara alichukua vitambaa leo, akalipa kwa pembe baada ya miaka. Hesabu hiyo ina upande wake mchungu, na haufai kufichwa: misafara hiyohiyo ilikamata na kuuza watu, na faida ya damu hiyo ilirudi hadi kwa waliokopesha. Msiri na Taria Topan walikufa mwaka mmoja, 1891. Mmoja aliuawa Bunkeya na watu wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwingine alikufa kwa ugonjwa huko Bombay. Hakuna anayejulikana kuwakutanisha, lakini kitambaa kilipita mikononi mwa wote wawili.

MTOTO ALIYELALA JUU YA MAGUNIA

Watu wengi hudhani wenye maduka ni wajukuu wa Wahindi waliojenga reli. Ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Karibu 6,700 ndio waliokaa. Wafanyakazi hao walitoka hasa Punjab. Wenye maduka wengi walitoka Gujarat, na walikuja kwa njia nyingine: waliitwa na ndugu.

Ilikuwa hivi. Mwenye duka Unguja, Mombasa au Bagamoyo alituma barua nyumbani akiomba kijana. Kijana alifika na nguo alizovaa. Alilala dukani juu ya magunia, alifagia, alipima chumvi, alijifunza Kiswahili kwa wateja. Baada ya miaka michache tajiri wake alimpa mali kwa mkopo na kumwambia aende mbele, mahali ambapo bado hapakuwa na duka. Huko naye, akifaulu, aliandika barua akaita mdogo wake. Hivyo ndivyo maduka yalivyotembea barani, moja likizaa jingine.

Allidina Visram ndiye mfano unaotajwa sana. Alitoka Kutch akiwa bado mtoto, akaanza Bagamoyo, akaweka maduka kando ya njia za misafara hadi Uganda na zaidi. Alipokufa mwaka 1916 alikuwa na matawi mengi mno, na wafanyabiashara wengine wengi walikuwa wameanza maisha yao kama wafanyakazi wake.

Kongo ilifikiwa hasa kwa upande wa mashariki. Mwaka 1914 reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kulikuwa na Kongo ya Wabelgiji. Wahindi waliingia Kivu, Ituri na kando ya ziwa. Katanga ilikuwa na hali nyingine. Reli yake ya kwanza ilitoka kusini, ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Katika mji ule wengi wa wafanyabiashara wa kigeni walikuwa Wagiriki, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, Waitaliano na Wabelgiji. Upande wa Dilolo, karibu na Angola, Mreno ndiye aliyejulikana zaidi. Kwa hiyo bibi wa Kisenge anayesema utotoni mwake alitumwa chumvi kwa Mreno hakosei. Jina la mwenye duka lilitofautiana. Namna ya kuendesha duka ilifanana.

SAMBUSA, CHAPATI NA PILIPILI

Saa sita jua linapowaka, rafiki wawili wanatafuta kivuli na kitu cha kula. Bukari ya nyumbani itangoja jioni. Mchana huu ni sambusa zilizotoka sasa hivi katika mafuta, chapati iliyokunjwa, na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Vyakula hivi vina safari ndefu kuliko ya mama wa Kisenge. Sambusa ilianza Uajemi na nchi jirani kabla ya kufika India. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliila katika jumba la mfalme wa Delhi katika miaka ya 1330: mkate mwembamba uliokunjwa, ndani nyama ya kusaga, vitunguu, lozi na viungo, kisha ukakaangwa kwa samli. Kabla ya hapo, mwaka 1331, alikuwa amepita pwani ya Afrika Mashariki, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, na pembeni achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Yaani pwani ya Afrika na India zilikuwa tayari zinakula chakula kinachofanana karibu miaka 550 kabla Wazungu hawajagawana Afrika kule Berlin.

Mwembe unaotoa kivuli Kolwezi na Kisenge asili yake ni Asia ya kusini. Lakini hesabu haiendi upande mmoja. Pilipili kali inayofanya sambusa iitwe ya Kihindi haikuwako India hapo kwanza. Ilitoka Amerika, Wareno wakaipeleka huko katika karne ya 16. Wareno haohao ndio walioleta mahindi na muhogo kutoka Amerika hadi pwani ya Angola. Kutoka huko mbegu na vipandikizi vilipita mkono kwa mkono hadi nchi ya Walunda na Wachokwe. Bukari ambayo mtu wa Dilolo anaiita chakula cha babu, na sombe inayokaa pembeni yake, zilikuwa ngeni katika udongo huu siku moja. Hakuna anayezifukuza sasa.

Tena mpishi wa sambusa inayoliwa Kolwezi mara nyingi si Muhindi. Ni mama wa Kikongo mwenye karai na jiko la makala. Wapishi na watumishi wa nyumba walijifunza jikoni kwa matajiri wao, wakapeleka ujuzi kwao, wakabadilisha: nyama kidogo, kitunguu kingi, unga wowote uliopo. Uganda chapati imekuwa chakula cha vijana kando ya barabara, imezungushiwa mayai na kuitwa roleksi. Kenya hakuna sikukuu bila chapati. Mapishi ndiyo mali ambayo hakuna serikali iliyowahi kuitaifisha.

DUKA NI DAFTARI

Mlango wa tatu ni duka la vyakula na dawa: sabuni, mafuta, unga wa ngano, vidonge. Katika dawa mkono wa India unaonekana wazi, maana sehemu kubwa ya vidonge vinavyouzwa Afrika hutengenezwa huko. Hapo mama wa Kisenge anatimiza maagizo ya jirani zake. Na hapo, nyuma ya meza, kuna kitu ambacho mteja haruhusiwi kukishika: daftari.

Daftari ndilo duka lenyewe. Rafu ni sehemu inayoonekana tu. Muuzaji mdogo wa kijijini hakuwa na mtaji. Alichukua mali kwa mkopo kwa muuzaji wa mjini. Wa mjini alichukua kwa mkopo kwa tajiri wa bandarini. Wa bandarini aliandikiana hundi na mtu wa Bombay au Karachi. Kila mmoja alimjua aliye juu yake na aliye chini yake, mara nyingi kwa ukoo, kwa dini au kwa kijiji cha asili. Aliyekula feza ya watu hakufukuzwa na polisi. Aliachwa na ndugu zake wote, na hakupata tena hata gunia moja.

Hapo ndipo penye nguvu ya maduka yale, na hapo ndipo penye manung'uniko ya haki ya Waafrika. Mlango wa daftari haukufunguliwa kwa wote. Katika Tanganyika sheria ya mkoloni ilizuia hata Mwafrika kukopeshwa kibiashara, eti kwa kumlinda. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika hakuwa na njia ya kweli ya kupata mkopo wa benki karibu hadi mwisho wa ukoloni. Kijana wa Kiafrika aliweza kufanya kazi dukani miaka ishirini, akajua bei zote na wateja wote, na bado asipewe mali ya kufungua lake. Alibaki mpimaji wa chumvi. Watu waliona hayo, wakayaweka moyoni, na uhuru ulipokuja walitaka yabadilike.

MWAKA AMBAO DUKA LILIPEWA MTU MWINGINE

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke. Aliwapa siku 90. Walioondoka walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Waliruhusiwa kuchukua feza kidogo tu, karibu pauni 50 kwa familia, na wengi walinyang'anywa hata hizo njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Entebbe. Karibu 28,000 walipokelewa Uingereza, maelfu wengine Kanada, India na kwingine.

Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, ilifuata kwa njia yake. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba na viwanda vidogo vya wageni vitapita mikononi mwa Wazaire. Hatua hiyo iliitwa zairianizasio. Iliwagusa Wagiriki, Wareno, Wahindi, Wapakistani na Wabelgiji. Waliopewa mali hizo waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs, na mara nyingi walikuwa wakubwa wa chama na serikali, au jamaa zao. Yule aliyepima chumvi miaka ishirini, ambaye kwa jina lake jambo hili lilifanywa, mara nyingi alibaki mpimaji wa chumvi, au alikosa kazi kabisa.

Kilichofuata kinajulikana na wazee wa kila mji. Mwenye duka mpya aliuza vilivyokuwa kwenye rafu. Alipotaka mali nyingine, aliyekuwa akimletea yule wa zamani hakumjua, akadai feza mkononi. Feza ilikuwa imekwisha kutumika. Rafu zikawa tupu, bei zikapanda, na vijijini chumvi na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa. Wakulima waliokuwa wakiuza mahindi yao kwa yule mwenye duka walikosa mnunuzi. Bei ya shaba nayo, ambayo ndiyo iliyolisha nchi nzima, ilianguka kwa zaidi ya nusu kati ya 1974 na 1975. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma: iliwaita wenye mali wa zamani na kuahidi kuwarudishia kwanza sehemu ya mali zao, baadaye zaidi ya nusu. Wengine walirudi. Wengine hawakutaka kuona tena mlango ule.

Kosa lilikuwa wapi? Manung'uniko yalikuwa ya kweli, na mtu asiyaite wivu. Lakini walichokabidhiwa wapya ni rafu. Daftari liliondoka na mwenyewe, kwa sababu daftari haliwezi kutolewa kwa amri. Ni imani iliyojengwa polepole kati ya watu wanaojuana. Kama daftari lile lingefunguliwa kwa Mwafrika mapema, kama mpimaji wa chumvi angepewa gunia la kwanza la mkopo, labda Kongo ingepata wenye maduka wake bila kumfukuza mtu yeyote.

WALIOFUKUZWA WALIBEBA MUHOGO

Mwaka 1972, mji wa Leicester nchini Uingereza uliweka tangazo katika gazeti la Uganda ukiwaomba Waasia waliofukuzwa wasiende huko, kwa kuwa nyumba, shule na hospitali zake zilikuwa zimejaa. Walikwenda hata hivyo. Walianza viwandani, wakafungua maduka katika mitaa iliyokuwa imechoka, na leo mtaa wa Belgrave wa mji huohuo unatembelewa na watu wanaotoka mbali kuona nguo, dhahabu na vyakula vya Kihindi.

Ukikaa katika hoteli zao za chakula utaletewa sahani ya vipande vya kukaanga, vyenye pilipili na ndimu. Wanaviita mogo. Ni muhogo. Waliacha sambusa Afrika, wakabeba muhogo, na jina lake la Kiswahili wakalifupisha kidogo njiani. Watu walioambiwa miaka yote kwamba wao si wa hapa walipofika ugenini walitamani chakula cha hapa.

KISENGE INALIJUA SOMO HILI

Kisenge haihitaji kwenda Uganda kujifunza nini hutokea kiungo kikikatika. Mji huu uliishi kwa manganizi, tangu siku za kampani ya Bécéka-Manganèse. Manganizi ilipanda treni, ikapita Dilolo, ikashuka hadi bahari ya Lobito kwa reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931. Vita vya Angola vilipowaka, reli hiyo ilifungwa mwaka 1975. Madini yalikuwapo, watu walikuwapo, mashine zilikuwapo. Marundo ya manganizi yalibaki chini ya mvua miaka na miaka. Bila reli, mali ilikuwa mawe. Ni kama rafu bila daftari. Mwaka 2018 ndipo treni ya madini ya Kongo ilipovuka tena kuelekea Lobito.

Vilevile Kisenge inajua kukimbia na kupokea. Machi 1977 vita vya Shaba vilipoanza, wapiganaji waliotoka Angola waliingia Dilolo, Kisenge na Kapanga kabla ya kuelekea Mutshatsha. Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya Kolwezi. Katika miaka ya vita vya Angola, Kisenge ilipokea wakimbizi Waangola, na wengi walirudi kwao baada ya amani ya 2002. Na Katanga yenyewe haijasahau 1992 na 1993, pale maelfu na maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani, wakalala katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi wao walizaliwa hapa. Wengi walikuwa mafundi, walimu, wauguzi na wauzaji. Baada yao madarasa na karakana zilibaki na nafasi ambazo hazikujazwa kwa kutangaza tu kwamba ziko wazi.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kumkumbusha mgeni asizoee kulishwa. Inamkumbusha pia mwenyeji, maana ni yeye anayetakiwa kutoa jembe. Aliyenyimwa jembe hawezi kulaumiwa kwamba halimi. Familia iliyokimbilia Lualaba na watoto na sufuria mbili inaweza kuishi kwa msaada miezi michache. Baada ya hapo inahitaji mtu wa kuiamini kwa gunia la kwanza, ndoo ya kwanza ya mafuta, meza sokoni. Akina mama wengi wameanza wenyewe kwa likelemba: watu kumi wanachanga kila juma, mmoja anachukua, kesho mwingine. Likelemba nayo ni daftari, ndogo, bila Bombay nyuma yake. Inasimama kwa sababu hiyohiyo na inaanguka kwa sababu hiyohiyo.

JIONI

Siku inaisha chumbani kwa rafiki, mali imetandazwa chini ya taa. Wanatenganisha: hii ya jirani wa kwanza, hii ya harusi, hizi ni dawa, chenji yake ifungwe pamoja katika kitambaa. Mwenye chumba anaongeza sambusa nne zilizobaki, zimefungwa kwa karatasi, za watoto wa Kisenge. Zitafika zimepoa, na zitaliwa hivyohivyo.

Kesho yake mama anapanda na mzigo, anapita Mutshatsha, anapita Kasaji. Akifika, watu wanakuja mmoja mmoja. Mwenye mtoto mgonjwa anapokea vidonge. Mwenye redio anapokea betri. Dada wa bibi harusi anakunjua kikwembe, anakikuna kwa ukucha, anakubali. Kila mmoja anapewa chenji yake hadi franka ya mwisho, kutoka kichwani, bila karatasi. Kwa hiyo akisema tena anakwenda Kolwezi, wataleta feza tena.